Usomaji wa Ujumbe wa Hitilafu: Kasoro ya Ubadilishaji wa Kasi ya Kichakataji Wakati Mfumo wa Uendeshaji Unapowaka

IKISIRI

Makala hii inachunguza jinsi kasoro ya ubadilishaji wa kasi ya kichakataji inavyotambuliwa na kuondolewa wakati mfumo wa uendeshaji wa kompyuta unapowaka. Inaanza kwa kueleza dhana za msingi, kisha inatofautisha istilahi tatu za Kiswahili, yaani kasoro, kosa na hitilafu, na kuzitumia kuchambua tukio la mwaka 2023 katika kiini cha Linux. Tukio hilo linalinganishwa na matukio mawili ya miaka ya 1990. Hoja kuu ni kwamba ujumbe wa hitilafu ni matini kama matini nyingine: una msemaji, una muktadha, na unaweza kusema uongo bila ya kukusudia. Kwa hiyo utatuzi wa kasoro ni kazi ya ufasiri kabla ya kuwa kazi ya ufundi.

1.0 UTANGULIZI

Wataalamu wa Kiswahili wameshughulikia lugha ya kompyuta kwa muda mrefu, lakini zaidi kwa upande wa majina ya vitu. Mjadala kuhusu kompyuta, tarakilishi na ngamizi unajulikana na kila mwanafunzi wa uundaji wa istilahi. Kazi ya kutafsiri programu nayo imepiga hatua. Mwaka 2004 mradi uliofanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu ya ofisi ya Jambo OpenOffice katika Kiswahili, na baadaye Microsoft nayo ilitoa kiolesura cha Kiswahili cha Windows. Katika kazi hizo zote, kilichotafsiriwa ni uso wa kompyuta, yaani menyu, vitufe na maelekezo ambayo mtumiaji huyaona mashine ikiwa nzima.

Kilichosalia bila ya kushughulikiwa sana ni lugha ambayo mashine huitumia inapokuwa na dosari. Kompyuta yenye mfumo wa Linux inapowaka, kiini cha mfumo huandika mamia ya mistari ya maandishi kabla ya mtumiaji kuombwa jina lake. Mistari hiyo haitafsiriwi katika lugha yoyote. Huandikwa kwa Kiingereza cha mkato, kilichojaa vifupisho na tarakimu. Mwanafunzi wa Kiswahili anayejifunza utunzaji wa kompyuta hukutana na matini hiyo katika saa ambayo anahitaji zaidi kuielewa. Asipoielewa, atafanya mojawapo ya mambo mawili: ataipuuza na kuiacha mashine ikiungua polepole, au ataitii neno kwa neno na kuharibu kilichokuwa kizima.

Makala hii inashughulikia sehemu moja tu ya matini hiyo, nayo ni ujumbe unaohusu ubadilishaji wa kasi ya kichakataji. Sehemu hiyo imechaguliwa kwa sababu inaonyesha bayana umbali unaoweza kuwapo baina ya maneno ya ujumbe na hali halisi ya mashine.

2.0 DHANA ZA MSINGI

2.1 Kasi, volteji na joto

Kichakataji hufanya kazi kwa kufuata mapigo ya saa ya ndani. Idadi ya mapigo hayo kwa sekunde ndiyo inayoitwa hapa kasi ya mapigo. Neno masafa, ambalo baadhi ya waandishi hulitumia kwa dhana hii, limeepukwa kwa kuwa katika lugha ya redio limezoea kuhusishwa na umbali na urefu wa mawimbi, na huenda likamchanganya msomaji.

Nguvu ya umeme inayotumiwa na kichakataji kinapokuwa kazini huenda sambamba na kasi ya mapigo, na pia na mraba wa volteji. Uhusiano huo una matokeo makubwa. Kasi ikipunguzwa hadi nusu na volteji ikashushwa hadi asilimia 80 ya kiwango chake, nguvu inayotumika katika kazi hiyo haiwi nusu, bali huwa 0.5 mara 0.8 mara 0.8, yaani takribani asilimia 32. Ndiyo maana kushusha kasi na volteji kwa pamoja kuna faida kubwa kuliko kushusha kasi peke yake. Faida hiyo huonekana katika muda ambao betri hudumu na katika joto linalopaswa kuondolewa na feni.

Watengenezaji walianza kuuza vichakataji vya kompyuta za mkononi vyenye uwezo huu karibu na mwaka 2000. Intel waliuita SpeedStep, AMD wakauita PowerNow!, na Transmeta wakauita LongRun. Leo uwezo huo umo karibu katika kila kichakataji, kuanzia cha simu hadi cha seva.

2.2 Jedwali la ngazi za kasi

Ili mfumo wa uendeshaji ubadilishe kasi, ni lazima ujue ngazi zilizopo. Kwa muda mrefu habari hizo zimetolewa na programu iliyohifadhiwa katika ubao mkuu wa kompyuta, ile iitwayo BIOS, kwa kufuata kanuni za ACPI. Kanuni hizo zilitolewa mara ya kwanza mwaka 1996, na toleo la pili la mwaka 2000 ndilo lililoingiza jedwali la ngazi za kasi, linaloitwa _PSS. Kila mstari wa jedwali hilo una mambo sita: kasi ya mapigo, nguvu inayotumika, muda wa kuhama kutoka ngazi moja hadi nyingine, muda ambao vifaa vingine haviwezi kuifikia kumbukumbu wakati wa kuhama, thamani ya kuamuru mabadiliko, na thamani ya kuthibitisha kwamba mabadiliko yamefanyika.

Katika Linux, sehemu inayosoma jedwali hilo na kutoa amri ni kiendeshi kiitwacho acpi-cpufreq. Hata hivyo, kiendeshi hicho si peke yake. Tangu mwaka 2013 kiini cha Linux kina kiendeshi kingine, intel_pstate, kilichotungwa kwa ajili ya vichakataji vipya vya Intel. Mwaka 2022 kiliongezwa amd-pstate kwa ajili ya vichakataji vipya vya AMD. Kanuni ya kiini ni kwamba kiendeshi kimoja tu ndicho kinachoweza kushika usukani wa kasi kwa wakati mmoja. Wahenga walikwisha kuieleza kanuni hiyo waliposema kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja.

2.3 Daftari la kuwaka

Mistari inayoandikwa wakati wa kuwaka huhifadhiwa katika daftari linaloweza kusomwa baadaye kwa amri ya dmesg. Kwa kawaida kila mstari huanza na muda, unaohesabiwa kwa sekunde tangu kiini kilipoanza kufanya kazi. Mara nyingi hufuata jina la sehemu inayosema, kisha nukta mbili, kisha maneno yenyewe. Aidha, kila mstari una daraja la uzito ambalo si lazima lionekane kwenye skrini. Madaraja ni manane, kuanzia 0 hadi 7. Kosa ni daraja la 3, na onyo ni daraja la 4.

Ndani ya kiini, shughuli nyingi zikifanikiwa hurudisha sifuri, na zikishindwa hurudisha namba hasi. Namba hizo zimerithiwa kutoka kwa mapokeo ya Unix. Namba 17 maana yake ni kwamba kitu kinachotaka kuwekwa kipo tayari; namba 19 maana yake ni kwamba kifaa kinachotafutwa hakipo. Tofauti baina ya namba hizi mbili, moja ikitangaza kuwapo na nyingine kutokuwapo, ndiyo kiini cha uchunguzi unaofuata.

3.0 KASORO, KOSA NA HITILAFU

Katika mazungumzo ya kila siku maneno haya matatu hubadilishana nafasi, na hata katika kamusi hufasiliwa moja kwa jingine. Lakini asili na matumizi yake yanaonyesha tofauti ambayo mtatuzi wa kasoro anaweza kuitumia.

Kasoro ni neno lenye asili ya Kiarabu linalodokeza upungufu. Msemaji wa Kiswahili hulitumia kila siku anapotaja wakati: saa tatu kasoro dakika tano ni saa ambayo haijatimia. Kwa hiyo kasoro ni upungufu uliomo ndani ya kitu chenyewe, hata kama bado haujaleta madhara yoyote.

Kosa linatokana na kitenzi kukosa, ambacho kina pande mbili. Aliyekosa chakula hana hatia yoyote, amepungukiwa tu. Aliyemkosa mzazi wake ana hatia, na anapaswa kuomba radhi. Kitenzi kimoja kinabeba kutokuwa na kitu na kutenda lisilofaa. Utata huu si udhaifu wa lugha. Ni onyo kwa mtafsiri, kwani mashine inapotangaza kosa, msomaji wa Kiswahili anapaswa kujiuliza mara moja: je, kuna kilichokosekana, au kuna aliyekosea?

Hitilafu nayo inatokana na Kiarabu, na maana yake ya awali ni kutofautiana. Watu wanaohitilafiana hawakubaliani. Kwa hiyo hitilafu ni tofauti baina ya mashine inavyofanya na ilivyotarajiwa kufanya.

Wataalamu wa uthabiti wa mifumo wamezoea kutofautisha hatua tatu: kuna dosari iliyolala katika mfumo, kuna hali isiyo sahihi inayozaliwa na dosari hiyo, na kuna huduma inayoachana na ile iliyokusudiwa. Ni dhahiri kwamba Kiswahili kina neno kwa kila hatua bila ya kukopa upya. Kasoro imelala; ikiguswa huzaa kosa; kosa lisipozuiwa hujitokeza kama hitilafu. Mtatuzi husafiri kinyumenyume: huanza na hitilafu anayoiona, akatafuta kosa lililoizaa, hata akaifikia kasoro.

Neno utatuzi lenyewe linastahili kuangaliwa. Kutatiza na kutatua ni vitenzi vya mzizi mmoja, tata, wenye maana ya kusokotana kama uzi. Mwenye kutatua uzi havuti ncha ya kwanza anayoiona, kwani akivuta hukaza fundo. Hutazama kwanza uzi umepita wapi.

4.0 UCHUNGUZI WA TUKIO: UJUMBE WA MWAKA 2023

4.1 Hitilafu ilivyoonekana

Mwaka 2023, kompyuta nyingi zilizowekewa matoleo mapya ya kiini cha Linux zilianza kuandika mstari ambao haukuwapo hapo awali. Kwa Kiswahili mstari huo ungesomeka hivi: acpi-cpufreq, jaribio la kukihusisha kiendeshi limeshindwa kwa kosa la -17. Kwa kuwa mstari ulitaja kichakataji na kutumia maneno ya kushindwa na kosa, msomaji wa kawaida angeweza kuamini kwamba kompyuta yake imepoteza uwezo wa kubadilisha kasi.

4.2 Hatua za uchunguzi

Hatua ya kwanza ni kumtambua msemaji. Mstari huu hausemwi na kichakataji, wala na kiendeshi chenyewe. Unasemwa na sehemu ya kiini inayounganisha viendeshi na vifaa, ambayo imemwuliza acpi-cpufreq kama anaweza kazi na kupewa jibu la -17. Ni habari ya kusimuliwa, na msimulizi hajui sababu ya jibu alilopewa.

Hatua ya pili ni kulipima daraja la ujumbe dhidi ya maneno yake. Mstari huu uliandikwa katika daraja la onyo, ilhali maneno yake yalitangaza kosa. Matini inayopingana na daraja lake haina budi kusomwa kwa tahadhari.

Hatua ya tatu ni kusoma namba kwa ukamilifu. Namba 17 haisemi kwamba kifaa kimeharibika. Inasema kwamba kitu kipo tayari. Swali linalozaliwa ni moja: ni kitu gani kilichokwisha kuwapo?

Hatua ya nne ni kulipeleka swali hilo kwa mashine yenyewe badala ya kulijibu kwa dhana. Katika saraka ya /sys/devices/system/cpu/cpu0/cpufreq kuna faili liitwalo scaling_driver, ambalo hutaja kiendeshi kilichoshika usukani. Katika mashine hizo faili hilo lilitaja kiendeshi kingine, kama vile intel_pstate. Tena, kasi ikisomwa mashine ikiwa imetulia na kusomwa tena ikiwa na kazi nzito, hubadilika kama inavyotakiwa. Kwa hiyo huduma iliyokusudiwa inapatikana. Kwa maana iliyotolewa katika sehemu ya 3.0, hitilafu haipo.

4.3 Chanzo

Imebaki kueleza kwa nini mstari huo ulizuka mwaka 2023 na si kabla. Kiendeshi cha acpi-cpufreq kilikuwa na desturi ya zamani: kabla ya kufanya lolote, huangalia kama usukani umekwisha kushikwa, ukiwa umeshikwa, hurudisha -17 na kujiondoa. Lakini utaratibu wa zamani wa kukiita ulikuwa na kasoro nyingine. Kiendeshi kiliitwa kwa ajili ya kila kichakataji, na katika seva zenye mamia ya vichakataji kiliitwa mara nyingi sana wakati wa kuwaka, kila mara kikakuta nafasi imejaa. Kazi hiyo isiyo na tija iliichelewesha mashine bure. Mwaka 2023 wasanifu wakageuza utaratibu ili kiendeshi kiitwe mara moja tu, kwa kupitia sehemu ya jumla inayounganisha viendeshi na vifaa.

Hapo ndipo desturi mbili zilipogongana. Sehemu hiyo ya jumla ina kanuni yake ya usemi: ikijibiwa -19, yaani kifaa hakipo, huchukulia kwamba jambo ni la kawaida na hunyamaza, ikijibiwa namba nyingine kama -17, huchukulia kwamba kuna kushindwa na hutoa onyo. Jibu la -17, ambalo zamani halikumsumbua mtu, sasa lilifika kwa msikilizaji aliyelifasiri kwa namna nyingine. Kasoro iliyozaa ujumbe haikuwa katika uendeshaji wa kichakataji. Ilikuwa katika mawasiliano ya sehemu mbili za programu ambazo hazikukubaliana juu ya maana ya neno.

4.4 Marekebisho

Marekebisho yalifanyika mwaka huohuo, nayo yalikuwa mafupi mno: acpi-cpufreq kikikuta usukani umeshikwa, kirudishe -19 badala ya -17. Hakuna kilichobadilika katika kasi, volteji wala joto. Kilichobadilika ni neno.

Marekebisho hayo yana fundisho kwa mwanaisimu. Ukizingatia maana ya msingi tu, jibu la -17 lilikuwa la kweli zaidi, kwa kuwa kweli nafasi ilikuwa imejazwa, na jibu la -19 ni la kweli kidogo, kwani kichakataji kipo. Lakini ukizingatia matumizi, jibu la -19 ndilo sahihi, kwa kuwa ndilo linaloeleweka na msikilizaji kama kujiondoa kwa heshima. Maana ya ishara haikukaa ndani ya namba. Ilikaa katika mapatano ya wanaoitumia.

4.5 Hatari ya tiba isiyofaa

Mtu aliyeusoma ujumbe huo juujuu angeweza kupata tiba ya haraka: kuiamuru mashine, wakati wa kuwaka, isitumie intel_pstate. Akifanya hivyo, acpi-cpufreq hukuta nafasi iko wazi, huingia, na ujumbe hutoweka. Mtu huyo angesadiki kwamba amefaulu. Kumbe ameiondolea mashine kiendeshi kilichotungwa kwa ajili ya kizazi chake na kukirudisha cha zamani, ili kuondoa mstari ambao haukuwa na madhara. Wahenga wanasema kelele za mlango hazimnyimi mwenye nyumba usingizi. Huyu ameung'oa mlango ili alale.

4.6 Kukosekana kulikonyamaza

Kuna upande wa pili wenye uzito zaidi. Chukua kompyuta ya zamani inayotegemea acpi-cpufreq peke yake, ambayo katika mipangilio ya BIOS uwezo wa kubadilisha kasi umezimwa. Jedwali la ngazi halitolewi, na kiendeshi hurudisha -19. Kwa mujibu wa kanuni iliyoelezwa, kiini hunyamaza. Hakuna onyo, ilhali mashine imekwama katika kasi moja, na mwenyewe anapoteza chaji au anapoteza kasi bila ya kujua.

Kwa hiyo palipokuwa pazima pamepigiwa kelele, na palipopungua pamenyamaziwa. Mtatuzi anayesubiri ujumbe hataigundua kasoro hii kamwe. Atakayeigundua ni yule anayetafuta kisichokuwapo: akaona kwamba chini ya cpu0 hakuna saraka ya cpufreq, au akajaribu kukiingiza kiendeshi kwa mkono na kuambiwa kwamba kifaa hicho hakipo. Hapo hurudi katika mipangilio ya BIOS na kuuwasha uwezo huo. Hata hivyo, ukimya huohuo katika mashine pepe si kasoro, kwa kuwa kasi hutawaliwa na mashine mwenyeji. Ishara moja, hukumu mbili. Kinachoamua ni muktadha.

Inafaa kutaja pia kwamba si kila kiendeshi hunyamaza. Kiendeshi cha zamani cha vichakataji vya AMD, powernow-k8, kilipokosa jedwali la _PSS katika namna inayoeleweka, kilimwambia mtumiaji awaarifu watunzaji wa ACPI wa Linux na alalamike kwa mtengenezaji wa BIOS yake. Hapo ujumbe umevuka mpaka wa taarifa na kuwa tendo la usemi: umelaumu na umeagiza. Ubora wake ni kwamba ulimtaja mhusika na kumpa msomaji jambo la kufanya.

5.0 ULINGANISHO NA MATUKIO YA MIAKA YA 1990

5.1 Ujumbe usiosema kitu

Windows 95 ilitoka mwezi Agosti 1995. Mwaka 1998 AMD walitoa kichakataji cha K6-2, na kilipofikia kasi ya megahezi 350 na zaidi, baadhi ya kompyuta zenye Windows 95 zilianza kukwama wakati wa kuwaka, safari nyingine zikiwaka na safari nyingine zikikataa. Ujumbe ulisema tu kwamba kumetokea kosa la ulinzi wa Windows na kwamba kompyuta iwashwe upya.

Chanzo kilikuwa upimaji wa kasi. Sehemu ya mfumo ilizungusha kitanzi cha maagizo kwa idadi maalumu ya mizunguko, ikapima muda uliotumika, kisha ikagawanya kwa muda huo. Agizo la kitanzi lililotumika lilitekelezwa na K6-2 kwa haraka kuliko vichakataji vya Intel vya wakati huo. Muda uliopimwa ukawa mdogo kiasi cha kuhesabiwa kuwa sifuri, na kugawanya kwa sifuri hakuwezekani. Kukwama kwa nasibu kulitokana na pale pigo la saa lilipoangukia: likianguka ndani ya kitanzi, muda haukuwa sifuri na mashine iliwaka. Hapa hitilafu ilikuwa ya kweli na nzito, lakini ujumbe haukutaja kasi, wala muda, wala ugawanyaji.

5.2 Ujumbe uliotaja kisichokuwapo

Tukio la pili halihusu mfumo wa uendeshaji, bali programu zilizotungwa kwa Turbo Pascal ya Borland. Programu zilizotumia maktaba ya Crt zilipoanza kazi katika kompyuta zenye kasi ya karibu megahezi 200 na zaidi zilikatika kwa kosa la 200, ambalo maana yake ni kugawanya kwa sifuri. Waliotafuta sifuri hawakuiona, kwa sababu haikuwapo.

Maktaba hiyo ilihesabu mizunguko ya kitanzi katika pigo moja la saa, yaani takribani milisekunde 55, kisha ikaigawanya kwa 55 ili kupata mizunguko ya milisekunde moja. Jibu lilipaswa kuenea katika biti 16, ambazo haziwezi kubeba namba inayozidi 65,535. Mashine ilipoweza kuzunguka zaidi ya mara 65,535 kwa milisekunde, yaani zaidi ya milioni 3.6 kwa pigo, jibu halikuenea. Vichakataji vya jamii hii hutumia ishara moja kwa kugawanya kwa sifuri na kwa jibu lisiloenea. Programu ilipokea ishara hiyo na kuitafsiri kwa maana moja tu aliyoijua mtungaji wake. Kilichotokea ni wingi kupita kiasi. Kilichotangazwa ni sifuri.

Katika matukio yote mawili kasoro ilikuwa imelala tangu siku programu ilipotungwa. Mtungaji alidhani kwamba kasi ya mashine haitavuka mpaka aliouona. Mashine haikuharibika, ilikuwa bora kupita matarajio.

6.0 MAFUNZO KWA MBINU NA KWA LUGHA

Ukilinganisha matukio haya, aina nne za uhusiano baina ya ujumbe na hali zinajitokeza: ujumbe unaopiga kelele pasipo na hitilafu, ukimya penye hitilafu, ujumbe wa kweli usio na habari, na ujumbe wenye habari isiyo ya kweli. Mbinu ya uchunguzi inayofaa zote nne inaweza kufupishwa hivi. Mtatuzi amtambue msemaji. Asome daftari zima kwa mfuatano wa muda badala ya mstari mmoja. Alinganishe maneno na daraja lake. Apime huduma yenyewe kabla ya kukubali kwamba imekosekana. Abadilishe jambo moja tu kwa wakati mmoja. Na baada ya tiba, athibitishe kwamba huduma imerudi, si kwamba ujumbe umetoweka.

Kwa upande wa tafsiri, kuna uamuzi wa kisarufi usiokwepeka. Mfasiri wa ujumbe wa -17 ana angalau njia tatu. Akisema kiendeshi kimeshindwa, amekibebesha kiendeshi udhaifu. Akisema imeshindikana, ametumia kauli ya kutendeka isiyomtaja mtenda, na ameacha wazi sababu. Akisema kiendeshi kimejiondoa kwa kuwa kingine kimekwisha kushika nafasi, amesema yaliyotokea. Njia ya tatu ni ndefu, lakini ndiyo pekee ambayo haitampeleka msomaji kwenye tiba yenye madhara. Hata hivyo, mfasiri hawezi kuifikia kwa kamusi; ni lazima ajue mashine ilifanya nini. Kwa sababu hiyo kazi ya kutafsiri ujumbe wa hitilafu haiwezi kuachiwa mwanaisimu peke yake wala mhandisi peke yake.

Ipo hoja kwamba ujumbe wa kiini usitafsiriwe kabisa, kwa kuwa mtatuzi huhitaji kuulinganisha na wa wenzake duniani kote. Hoja hiyo ina nguvu, na namba za makosa hazina budi kubaki zilivyo. Lakini kutotafsiri ujumbe hakuzuii kuufundisha. Kinachohitajika katika vyuo ni ufafanuzi wa Kiswahili unaoandamana na ujumbe wa asili, ukieleza msemaji ni nani, namba ina maana gani, na hali zipi zinaweza kuuzalisha.

7.0 HITIMISHO

Makala hii imeonyesha kwamba kasoro ya ubadilishaji wa kasi ya kichakataji haiwezi kutatuliwa kwa kuutii ujumbe wala kwa kuunyamazisha. Tukio la mwaka 2023 lilimalizika kwa kubadilisha namba moja, kwa sababu kasoro yenyewe ilikuwa ya usemi. Matukio ya miaka ya 1990 yalihitaji kubadilisha hesabu, kwa sababu huko usemi ulificha kasoro ya hesabu. Kabla ya uchunguzi, hakuna kilichotofautisha aina hizo mbili katika skrini ya mtumiaji.

Imeonekana pia kwamba msamiati wa Kiswahili hauna uhaba katika uwanja huu. Kasoro, kosa na hitilafu zikitumiwa kwa nidhamu zinatosha kueleza mwendo mzima wa tatizo toka mzizi hadi dalili. Kinachobaki ni kwa walimu na watunga istilahi kukubaliana kuzitumia hivyo, kila neno mahali pake. Mjumbe hauawi, wahenga walisema. Lakini hawakusema asiulizwe ametumwa na nani.